Miche ya Upande wa Pili

Nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na sita, na kama kuna kitu kinachonichefua ni mtu mzima kusema "kitabu yangu". Mume wangu Melkiadi alikuwa akilisema hilo makusudi, mbele ya wageni, ili anione ninavyovimba. Naanza na hili mjue kwamba maneno ndiyo kazi yangu. Na bado, mwaka themanini na tatu, hapa hapa nyumbani kwetu Nangara, maneno mawili mafupi ya Kiswahili yalinivuruga kichwa hata leo sijatulia.

Watu husimulia habari ile kama habari ya mgambo na msako. Wasimulie wanavyotaka. Mimi nilikuwa natafuta jibu la swali moja tu: ile bustani, Melkiadi alinijengea mimi, au hakunijengea mimi?

Ilikuwa nyuma ya nyumba, ndani ya uzio wa manyara, ile mimea ya vijiti vya kijani yenye utomvu mweupe ambayo kila mtu Babati anazungushia boma lake. Nilipenda mimea yenye majani manene, inayojiwekea maji yake yenyewe na kuisubiri mvua bila kelele. Nilikuwa na mishubiri inayotoa mashada mekundu mwezi wa sita, wakati kila kitu kingine kimekauka. Nilikuwa na taji la miiba. Nilikuwa na mti mfupi niliouchimbua mwenyewe porini njia ya Magugu, wenye shina lililonenepa chini, na maua ya waridi yanayotangulia majani. Nyumbani tuliuita mti wa kitako. Na kulikuwa na kimmea cha ajabu, kinatambaa, vidole vyake vina pembe nne na hakina jani hata moja. Nilipewa na sista mmoja wa Dareda, akaniambia kitatoa ua kubwa lenye umbo la nyota, ila nivumilie. Nilivumilia miaka mitatu.

Watu walinicheka, na walikuwa na haki. Mwaka ule tulikuwa tunakula ugali wa mahindi ya njano na kupanga foleni ya kila kitu. Jirani yangu Kornelia, mke wa fundi cherehani, alikuwa akichungulia juu ya manyara na kuniuliza, "Mwalimu, hayo maua unayaunga kwa karanga au kwa maziwa?"

Melkiadi ndiye aliyekuwa hanicheki, kwa sababu hakuyaona. Miaka kumi na miwili ya ndoa alikuwa akipita katikati yake kwenda chooni kama mtu anayepita sokoni. Siku moja alimwaga maji ya kunyolea ndevu juu ya shubiri. Nilipofoka akasema, kwa mshangao wa kweli, "Kumbe hii nayo ni kitu?"

Alikuwa na duka dogo karibu na stendi. Mwezi wa tatu msako wa walanguzi ulipoanza, redio ikitaja majina kila jioni, wenye maduka walipagawa. Wapo waliomwaga sukari chooni. Melkiadi alitulia. Duka lake, alisema, limebaki viberiti, chumvi na kalamu za risasi. Atakayekuja kusaka aje na kiti apumzike. Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Mimi mkewe nilikuwa nafua kwa majani ya mpapai na kuoshea vyombo majivu, vidole vimepasuka mpaka chaki inaniwasha.

Pasaka nilikwenda kwa mama yangu Dareda, siku tatu. Niliporudi nilikuta jambo ambalo nilipolitazama nilifikiri nimekosea nyumba. Mimea yangu yote ilikuwa imeinuliwa juu ya matuta mawili makubwa yaliyozungushiwa mawe, tuta moja huku na jingine kule, na njia katikati. Mawe yamepangwa kwa ukubwa. Mti wa kitako umewekwa kwenye kona ya tuta la kushoto, panapopata jua la asubuhi. Melkiadi alikuwa amesimama na jembe, malengelenge mikononi.

"Nimekujengea," akasema.

Nililia, na mimi si mtu wa kulia. Kesho yake nilitangaza shuleni, Jumapili nikatangaza kanisani: mume wangu amenijengea bustani kwa mikono yake mwenyewe. Kornelia alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia taratibu, "Mama Damasi, mwanamume akianza kupenda maua ghafla, mchunguze."

Nikamchunguza. Ndipo nilipozidi kuchanganyikiwa, maana sikuona mwanamke, sikuona pombe, nilichoona ni mtu anayekaa bustanini. Kila jioni akifunga duka alibeba kigoda chake na kukaa kwenye njia kati ya yale matuta mpaka giza liingie. Aliniwekea masharti. Nisichimbue. Nisimwagilie maji mengi, mimea hii haitaki maji. Hilo ni kweli kabisa, lakini yeye amelijulia wapi? Mara moja nilimkuta anafuta vumbi kwenye jani la shubiri kwa kidole, polepole, na aliponiona akakificha kidole mfukoni. Nilitaka kumgawia Kornelia mche mmoja wa shubiri kutoka tuta la kulia, Melkiadi akaruka. "Usiguse! Unaua mizizi!" Nikaurudisha, nimefurahi na nimeshangaa kwa pamoja. Usiku nilimgusa paji la uso nione kama ana homa.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zilipoanza kudondoka, kile kimmea cha sista kilitoa tumba moja kubwa kama ngumi ya mtoto. Nilihesabu siku. Asubuhi ya Jumanne ua lilichanua: nyota yenye pembe tano, pana kama sahani, rangi ya damu ya mzee, na vinyweleo kama vya mnyama. Nikainama kulinusa, na nusura nitapike.

Lilinuka mzoga. Si kwa mfano. Mzoga wenyewe, wa siku nne, juani. Nzi wa kijani walikuwa wameshafika. Nilichuchumaa pale nikiwa sielewi nimemkosea Mungu nini. Miaka mitatu ya subira, na zawadi yangu inanuka hivi!

Melkiadi alitoka kwa kishindo. "Likate," akasema.

"Nilikate? Miaka mitatu, Baba Damasi!"

"Likate, nakwambia. Linaita watu."

"Linaita nzi."

"Nzi wanaita watu." Yeye aliyenijengea tuta, aliyefuta vumbi kwa kidole, sasa ameshika panga anataka kukata ua moja tu ambalo nimelingoja miaka mitatu. Nilisimama mbele ya lile ua nikamwambia akitaka akate na mimi. Akaliweka panga chini akaenda dukani bila kunywa chai. Sikumwelewa hata kidogo, na kwa kuwa sikumwelewa nilikasirika siku nzima.

Watu walikuja kweli. Siku ya pili Kornelia alisimama kwenye manyara ameziba pua kwa khanga akauliza tumechinja nini bila kuwaambia majirani. Siku ya tatu alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi.

Balozi wetu alikuwa Mzee Herieli, mtu mpole, Mgorowa aliyejifunza Kiswahili ukubwani. Nasema kwa majivuno kwamba alijifunza kwangu, kwenye kisomo cha watu wazima. Alipokuja kwangu mara ya kwanza alikuwa anasema "ile ua", "ile ukuta", "ile mtu", kila kitu "ile". Nilimnyoosha. Neno likianza na u, nilimwambia, Mzee, angalia: ukuta huu, uzi huu, ukuta unaanguka, uzi unakatika. Aliandika yote kwenye daftari lake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Watu wanasema kuna harufu hapa."

"Ni ua, Mzee. Njoo ulione."

Nikampeleka. Akainama, akanusa, akarudi nyuma hatua tatu akipiga chafya. Akacheka mpaka machozi. "Mimi nimechunga ng'ombe miaka mingi, ua ya namna hii sijaona!" Kisha akajishtukia, akanitazama kama mwanafunzi. "Samahani, Mwalimu. Ua hii... ua huu..."

Hapo ndipo ningemsahihisha. Nimewaza mara nyingi kwa nini siku ile, siku moja tu katika maisha yangu, niliacha kosa likapita. Nilikuwa nimechoka, na alikuwa amecheka vizuri. Nikamwambia, "Umeelewa, Mzee, inatosha." Akaondoka akisema ataandika taarifa kwa ofisi ya kata ili Kornelia anyamaze.

Ijumaa saa nne, wakati nimerudi nyumbani kuchukua madaftari, waliingia mgambo watano na majembe. Kiongozi wao alikuwa na karatasi mkononi, mwandiko wa Mzee Herieli, mzuri, wa mviringo, kama nilivyomfundisha. Akaisoma kwa sauti mbele ya majirani waliokwisha kujaa:

"Mimi balozi nimefika kwa Mwalimu Kandida. Nathibitisha kwamba ua wa Mwalimu unanuka sana, kama mzoga. Mwenyewe amekubali."

Nilihisi damu imenipanda kichwani. "Si ua huo!" nikapiga kelele. "Ni ua hili! La kwenye mmea! Alitaka kuandika ua *la* Mwalimu *linanuka*! Ua wa Mwalimu ni uwanja wa nyumba! Hili ni kosa la ngeli!"

Kiongozi akanitazama kwa utulivu. "Ngeli ni nani? Naye anaishi humu?"

Watu wakacheka, na mimi nikawa naonyesha lile ua. Lakini lilikuwa limechanua Jumanne, na Ijumaa hiyo lilikuwa limeshajikunja na kunyauka, kitambaa cheusi kimelala juu ya udongo. Hata harufu ilikuwa imekwenda. Nani ataamini kwamba kitu kile kilinuka mpaka kwa fundi cherehani? Mwenye yadi yenye harufu, mwaka ule, ama amezika nyama ama amezika kitu kingine. Wakaanza tuta la kulia, kwa sababu ndilo lilikuwa na lile ua.

Niliwasihi. Niliwaambia mimea ile inakufa, niliwaambia mume wangu amenijengea kwa mikono yake, na nilivyokuwa nalisema hilo Kornelia aliangalia chini. Jembe la tatu au la nne liligonga bati.

Lilikuwa debe. Chini yake debe jingine, na jingine, yamefungwa kwa gunia na nailoni. Walipolivunja la kwanza, nilishindwa kuelewa ninachokiona, nikabaki naangalia kama mtoto. Miche ya sabuni. Mirefu, ya manjano, mikavu, imepangwa kama kuni. Harufu yake ikapanda, nzuri, safi, ikatujaa pale uani. Nilitazama mikono yangu iliyopasuka, na nikawaona wanawake wote nao wanaitazama.

Melkiadi alifika anakimbia, bila kofia. Alipoona shimo akasimama.

Mgambo mmoja alikuwa ameshahamia tuta la kushoto. Akakata taji la miiba kwa pigo moja, utomvu ukamrukia machoni. Mlio alioutoa ulisikika mpaka barabarani. Wenzake wakamshika, mmoja akaitisha maziwa, mwingine akaitisha maji, kukawa vurugu, na kiongozi akasema yaliyopatikana yanatosha, wampeleke huyu akatibiwe. Akageuka kwangu na kwa mume wangu.

"Bustani hii ni ya nani?"

Mji mzima ulijua ni yangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyetangaza kanisani.

"Ni yangu," Melkiadi akasema. "Huyu hajui lolote. Alikuwa safarini. Nilimdanganya kwamba nimemjengea ya maua, asije akauliza."

Aliniepusha na kifungo kwa maneno hayo, najua. Na kwa maneno hayo hayo akaninyang'anya bustani. Walipompandisha kwenye Landrova nilikuwa bado nimesimama, sijui nimpungie mkono au nimtupie jiwe. Sikufanya hata moja.

Walimpeleka Arusha. Nilipata ruhusa ya kumwona mwezi wa kumi na mbili, nikasafiri juu ya lori la mahindi. Njia nzima nilirudia swali langu. Nilikuwa sitaki kujua alipata wapi sabuni wala alitaka kumuuzia nani. Hata hasira ya mikono yangu nilikuwa nimeimeza. Nilitaka kumuuliza: yale mawe uliyapanga kwa ukubwa kwa ajili ya nani? Debe halijali mawe.

Tulipewa dakika tano, waya katikati yetu, askari pembeni anatusikiliza. Alikuwa amekonda, masikio yamekuwa makubwa. Kabla sijasema akauliza yeye.

"Ile miche ya upande wa pili ipo?"

Nikamwangalia. "Ipo."

"Iangalie, Mama Damasi. Mvua za masika haziko mbali. Isiingie maji. Ikipata maji itaharibika yote."

Askari akakohoa. Melkiadi alinikazia macho kama mtu anayetaka nielewe jambo, na mimi mwalimu nilikuwa sielewi. Miche gani? Mche wa shubiri ni mche, na mche wa sabuni ni mche. Hii miche, hii miche. Ile ipo, ile ipo. Ngeli ile ile, hakuna hata herufi moja ya kunisaidia. Na vyote viwili vinaharibika kwa maji! Nilitaka kumwambia, sema neno jingine, sema maua, sema debe. Lakini askari alikuwa pale, na dakika zikaisha. Swali langu nilirudi nalo.

Niliporudi Nangara nilikaa siku mbili nalizunguka lile tuta la kushoto. Kama ni sabuni, basi amenidanganya mara ya pili, na safari hii ananifanya mlinzi wake, na mgambo wakirudi ni mimi. Kama ni maua, basi kuna mtu ndani ya Melkiadi ambaye sijawahi kumjua. Nilimuuliza Kornelia, ambaye tangu siku ile alikuwa ananiletea mboga bila kusema kwa nini. Akasema, "Chimba ujue."

Nikachimba, Jumamosi mchana. Niliing'oa mishubiri mmoja mmoja, nikachimba chini yake mpaka udongo mwekundu. Hamna kitu. Nikang'oa taji la miiba lililobaki. Hamna. Mwisho nikabaki na mti wa kitako pale konani, nikasema ni hapa, hapa ndipo atakuwa ameficha, ndiyo maana akauweka pazuri. Nikapiga jembe kwa nguvu, na kitu kigumu kikaitika. Lilikuwa shina lenyewe, chini ya udongo. Nilikuwa nimelipasua. Chini yake kulikuwa na mizizi, na chini ya mizizi mawe madogo yaliyotandazwa maji yapate kupita. Melkiadi alikuwa ameyatandaza. Hapakuwa na debe.

Mti kama ule ukiumia, unauweka kivulini wiki mbili kidonda kikauke, ndipo unaurudisha udongoni. Nalijua hilo kuliko mtu yeyote Babati. Siku ile niliurudisha saa ile ile, pamoja na mishubiri, na kuukandamizia udongo, kwa aibu, mtu asijue nilichofanya. Mvua za masika zilikuja kubwa. Kufikia mwezi wa tano ulikuwa umelainika kama ndizi iliyooza, nikautupa.

Walimwachia Melkiadi mwezi wa kwanza mwaka wa themanini na tano. Alishuka stendi na mfuko mmoja, akatembea mpaka nyumbani, akanisalimu mlangoni kama mgeni. Nilimwambia aingie apate chai. Akasema ngoja kidogo, akapita moja kwa moja nyuma.

Nilimfuata. Alikuwa amesimama kwenye ile njia, upande mmoja shimo lililoota majani, upande mwingine mishubiri yangu, hai, ila imekaa mshazari, kila mmoja umeelekea kwake. Ni mtu aliyeipanda mwenyewe tu ndiye angeona.

"Ule wa kitako uko wapi?"

"Ulioza."

"Maji?"

"Niliuchimbua."

Akachuchumaa pale konani, akaweka kiganja juu ya udongo.

"Nilikuwa naulizia maua, Mama Damasi."

Nilikuwa nimelibeba swali langu mwaka mzima na zaidi, na sasa lilitoka vibaya, kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. "Tangu lini? Wewe maua yanakuhusu nini? Si ulisema mbele ya watu wote kwamba ulinidanganya?"

"Nilikudanganya," akasema. "Nilikuwa nakaa hapa kulinda sabuni. Miezi saba, kila jioni. Hapakuwa na kitu kingine cha kutazama." Akapangusa udongo mkononi, taratibu. "Ule mti ulikuwa na tumba nne siku waliponichukua. Kule ndani nilikuwa nazihesabu. Zilichanua?"

Zilianguka wiki ile ile nilipoupiga jembe, zikiwa bado zimefumba.

"Zilichanua," nikamwambia. "Zote nne."